Mwalimu Gidion na Alama ya Moja

Mwalimu Gidion Margwe alistaafu kazi, lakini kalamu nyekundu na ubishi havikustaafu. Kalamu alitoka nayo sekondari alikofundisha miaka thelathini na moja. Ubishi alizaliwa nao. Sasa ana miaka sitini na sita na anaishi peke yake Nangwa, chini ya mlima Hanang, kwenye nyumba ya vyumba vinne, vitatu havifunguliwi wiki nzima. Anajipikia ugali wa mtu mmoja. Na ugali wa mtu mmoja, jamani, ni kazi kuliko wa watu kumi: maji yakizidi kidogo umepata uji, unga ukizidi umepata tofali. Anaula hivyo hivyo.

Mchana anafanya kazi kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ukimweleza mtu wa Nangwa anakutazama kama umetoka kilabuni. Ezekiel, mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Arusha, ndiye aliyemwunganishia. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoitwa wakala. Si yule wakala wa kutoa na kuweka pesa anayekaa chini ya mwavuli pale stendi ya Katesh. Huyu hana mwavuli wala makalio ya kukalia kiti. Unamtuma jambo, naye anachagua mwenyewe zana ya kulifanyia: ya kutafuta tiketi, ya kutuma ujumbe, ya kuangalia mvua. Kila zana imeandikiwa maelezo ya matumizi, na wakala hajui lolote zaidi ya yaliyoandikwa humo. Maelezo yakiwa ya hovyo, naye atafanya mambo ya hovyo, tena kwa bidii zote. Mwalimu anayasoma maelezo hayo na kuyapa alama, kuanzia moja hadi tano. Je, yanasema zana ni ya nini? Inahitaji nini? Inarudisha jibu gani? Isitumike wakati gani? Kwa maneno mengine anasahihisha insha, na insha ndiyo kitu alichosahihisha maisha yake yote.

Anaipenda kazi hiyo kuliko anavyokubali. Kuna siku nzima inapita na maneno pekee aliyoambiwa ni ya kwenye kioo: "Asante, Gidion. Endelea na kazi inayofuata." Gidion tu, kavu, bila hata mwalimu. Mwanzoni alichukia. Siku hizi anajibu kwa sauti, "Haya, naendelea," na jirani yake Judica akipita njiani na ndoo ya maziwa anadhani mwalimu ana wageni.

Wageni hana. Ana mtoto mmoja, Lucia, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Dodoma. Lucia hajakanyaga Nangwa tangu mama yake azikwe, na sasa ni miaka miwili na zaidi. Anapiga simu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya misa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Mvua huko?"

Dakika nne, mara chache tano. Kila Desemba mwalimu anatandika kitanda cha Lucia kwa shuka safi, na kila Januari anakitandua. Hakuna kitu duniani anachokitaka zaidi ya mtoto huyo kuingia pale mlangoni na begi lake. Hajawahi kumwambia aje. Anaogopa kumwambia, kwa sababu anaamini kwamba Lucia anamlaumu, na anaamini kwamba ana haki ya kumlaumu.

Basi, Jumanne moja mwezi wa pili, zikaja kwenye kioo kazi saba, na ya tano ilikuwa zana ya kutambua mahali kifaa kilipo. Maelezo yake yalikuwa mistari mitatu: "Tumia zana hii kujua mtu yuko wapi. Weka namba ya simu yake. Itakurudishia mahali alipo kwenye ramani."

Mwalimu aliisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Akasoma mara ya pili. Kisha akatoa alama moja katika kila kipengele, moja, moja, moja, moja, akabonyeza tuma kwa nguvu utadhani anaua mbu.

Haikupita saa, ukaja ujumbe wa msimamizi wake. Huyu alijiandika Nurdin, hawajawahi kuonana, lakini angalau alikuwa na adabu.

"Shikamoo mzee Gidion. Kwenye kazi ya tano wenzako wawili wametoa tano. Wanasema maelezo ni mafupi na yanaeleweka. Wewe umetoa moja kila mahali. Badilisha, au andika sababu kwa herufi zisizozidi mia tatu. Hii ni mara yako ya tatu kutofautiana na wenzako, na kanuni unaijua."

Kanuni aliijua. Mara tatu bila sababu inayokubalika, unaondolewa kwenye kazi. Mtu mwenye akili zake angebadilisha, akaweka hata nne, akanywa chai. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mwalimu akakiangalia kile kisanduku cheupe cha sababu, na kidole akakirudisha, kwa maana sababu aliijua vizuri na hakuwahi kumwambia mtu yeyote aliye hai.

Sababu ilikuwa hii.

Nyumba nyingi za huko vijijini hazina umeme, na zenye sola, betri inakufa wakati wowote. Kwa hiyo simu zinapelekwa Katesh kuchajiwa. Unamwachia mwenye kibanda, anaibandika karatasi yenye namba, anaichomeka kwenye msururu wa waya na nyingine thelathini, nawe unaenda zako sokoni au shambani. Unaweza kuifuata jioni, unaweza kuifuata baada ya siku mbili. Simu haizimwi, maana ndugu wanaweza kupiga. Ikilia, mwenye kibanda anapokea: "Simu iko chaji, mwenyewe hayupo." Mjini Katesh hakuna aliyejua habari za watu kuliko Hatibu wa kibanda cha chaji, kwa sababu nusu ya misiba na mahari za Hanang zilipitia sikioni mwake kwanza.

Jumamosi moja ya Desemba, miaka miwili iliyopita, siku moja kabla ya maporomoko ya tope kushuka kutoka mlima Hanang, Mwalimu Gidion na mkewe Gaudensia walikwenda Katesh pamoja. Gaudensia alikuwa na vitunguu vya kuuza. Alikuwa na simu nzuri aliyonunuliwa na Lucia, na Lucia mwenyewe aliiwekea mipangilio ili hata akiwa Dodoma aione kwenye ramani, maana mama alikuwa na tabia ya kuisahau popote. Saa nne asubuhi mkewe akampa. "Baba Lucia, nipelekee kwa Hatibu, jioni uniletee." Akaipeleka. Jioni mvua ikaanza, ya kupiga mabati kama mawe, vitunguu bado havijaisha. Gaudensia akasema atalala mjini. Alikuwa na nyumba tatu za kulala pale Katesh, alikuwa na marafiki yule mama. Mwalimu akaona lori la mwisho la Nangwa linawasha injini, akalirukia. Simu ikabaki kwa Hatibu.

Asubuhi tope lilikuwa limeshalala juu ya sehemu kubwa ya mji wa Katesh. Miti, mawe, mabati, magari, vyote vilikuwa uji mmoja. Mwalimu alifika kwa miguu, akaliita jina la mkewe mpaka sauti ikakata. Ndipo Lucia akapiga kutoka Dodoma, analia.

"Baba, nimeiona simu ya mama. Ilionekana mara ya mwisho saa kumi na moja alfajiri. Nakutumia ramani. Yuko hapo, baba, wahini."

Mwalimu akaifuata ile nukta ya buluu akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Nyumba zilikuwa hazitambuliki tena, huwezi kusema hapa palikuwa duka na hapa palikuwa njia. Akawaita vijana wenye koleo. "Mke wangu yuko hapa, mtoto wangu amemwona kwenye ramani, chimbeni hapa." Watu kumi na mmoja waliacha sehemu nyingine wakaja kuchimba pale. Walichimba tangu asubuhi, naye anachimba nao kwa sahani ya bati. Saa tisa mchana wakavuta meza. Meza ilikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia msururu wa waya, na kwenye waya simu, zimebandikwa karatasi zenye namba.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Hakusema. Aliketi chini topeni, wakadhani ni uchungu, wakampa maji. Gaudensia alipatikana Jumatatu asubuhi, hatua kama mia tatu kutoka pale, ukutani mwa nyumba ya mashine ya kusaga, karibu na nyumba mojawapo kati ya zile tatu. Mmoja wa waliomtoa alisema alikuwa ameketi, kitenge amejifunika kichwani. Maneno hayo mwalimu ameamka nayo kila siku tangu siku hiyo. Mtu aliyeketi na kujifunika kitenge hakufa palepale.

Lucia alifika Jumatatu jioni. Alimwangukia baba yake kifuani, akasema, "Baba, mimi ndiye niliyemuua mama." Mwalimu alimsikia vizuri kabisa. Akampigapiga mgongoni. "Basi, mama. Basi. Usiseme hivyo." Akaishia hapo. Alijiambia ni maneno ya msiba, watu kwenye msiba husema mengi. Kisha miezi ikapita, Lucia asije, na yeye akajipa jibu alilolipenda kuliko mengine: mtoto ananilaumu mimi.

Sasa kisanduku kilikuwa wazi mbele yake. Akaanza kuandika. "Zana hii inadanganya. Ilituambia mke wangu yuko mahali ambapo hakuwepo."

Akasoma. Miaka thelathini na moja ya kusahihisha haifutiki, hata sentensi yako mwenyewe huwezi kuiacha ipite. Inadanganya wapi? Nukta ilionyesha simu, na simu ilikuwa palepale, msumarini. Akafuta. "Mke wangu aliacha simu yake kwenye kibanda cha chaji." Akasoma tena. Nani aliacha? Akaitazama sentensi hiyo muda mrefu, chai ikapoa, kuku wa Judica wakaingia mpaka sebuleni na asiwafukuze. Gaudensia hakuacha simu popote. Akafuta, akaandika upya, na safari hii hakusimama:

"Nilipeleka simu ya mke wangu chaji, nikasahau. Nukta ilikuwa sahihi: simu ilikuwa pale. Yeye hakuwepo. Tulichimba pale siku nzima. Andikeni: zana huonyesha kifaa kilipoonekana mara ya mwisho, si alipo mtu. Kabla ya kuamini, ulizeni simu iko na nani."

Akabonyeza tuma. Akashika tama. Alitegemea atapata nafuu, lakini kilichompata ni kitu kingine, kilimjia taratibu. Nukta ilikuwa sahihi. Lucia alikuwa sahihi. Alitoa jibu zuri kwa kile alichokijua, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba simu haiko na mama yake alikuwa huyu mwalimu mzima. Na mtoto hakujua. Mtoto alikuwa Dodoma mwaka wa tatu sasa, anauzia watu dawa za usingizi, akiamini kwamba ni yeye aliyewachimbisha watu kumi na mmoja mahali sipo. Hakuwa anamlaumu baba. Alikuwa anamkimbia baba kwa aibu.

Mwalimu akapiga simu, siku isiyo Jumapili, saa ya kazi. Ilipokelewa mara moja.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Lucia, ile simu ya mama yako, mimi ndiye niliyeipeleka kwa Hatibu."

Upande wa pili palikuwa na mteja anaulizia dawa ya kikohozi. Kisha mlango ukafungwa.

"Lini?"

"Jumamosi asubuhi. Nilitakiwa nimrudishie jioni. Mvua ikaanza, nikapanda lori."

"Kwa hiyo mama hakuwa na simu."

"Hakuwa nayo. Ramani yako ilikuwa sahihi, mwanangu. Hukukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyejua, na akili ikaniruka."

Mwalimu aliomba moyoni asiulizwe swali moja, na Lucia akauliza hilo hilo.

"Ulikumbuka lini?"

Angeweza kusema mwaka jana. Angeweza kusema leo.

"Saa tisa mchana, Jumapili ile. Walipoitoa meza ya Hatibu."

"Jumapili."

"Ndiyo."

"Mimi nimekuja Jumatatu. Nilikuambia nimemuua mama."

"Ulisema."

"Na wewe ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

Lucia hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na mtu aliye mbele yake, "Miaka miwili, baba. Kila nikisema nije, nilikuwa nafikiria nitakutazamaje usoni." Kisha akasema ana wateja, akakata.

Kesho yake Nurdin aliandika. "Mzee wangu, pole sana. Sababu imekubaliwa. Alama yako inabaki, na wenzako wameteremsha zao. Maneno yako yanaingizwa kwenye maelezo karibu yote kama yalivyo." Mwalimu alisoma, akasema, "Haya," safari hii kwa sauti ambayo hata Judica asingeisikia. Alifanya kazi ya kwanza, akafanya ya pili. Hakukumbuka zilihusu nini.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu alirudi misani haraka, akakaa barazani na simu mapajani. Watu wa misa ya pili wakapita, wakamwamkia, akaitikia. Jua likahama kutoka barazani hadi uani. Simu haikulia. Alikuwa na dakika nne kwa mwezi, na sasa hata hizo zimekwenda. Alilia waziwazi, mtu mzima, na hakujali nani anapita.

Alhamisi alikuwa akipepeta mbaazi uani, akasikia pikipiki inasimama. Lucia alishuka, amekonda, hana begi, ana mkoba mdogo tu wa mkononi. Alimwambia dereva asubiri. Mwalimu alisimama, ungo ukamtoka mikononi, mbaazi zikamwagika zote. Alingoja aamkiwe. Lucia hakumwamkia.

"Nionyeshe alipokuwa mama," akasema.

"Makaburini?"

"Makaburini napajua. Alipokuwa ameketi."

Walikwenda Katesh pikipiki moja, Lucia katikati, baba nyuma amemshika mtoto begani kwa vidole viwili kama anayeogopa kuungua. Waliposhuka, mwalimu akatazama huku, akatazama kule. Nyumba mpya zilikuwa zimesimama, sehemu nyingine mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Akatembea hatua ishirini, akarudi. Lucia akamngoja.

"Sipajui," mwalimu akasema. "Sijawahi kuja. Waliponiambia amepatikana nilikaa palepale kwenye shimo la Hatibu mpaka wakamleta."

Ikabidi waulize. Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya aliacha kazi yake akawapeleka. Nyumba ya mashine ya kusaga ilikuwa imebaki ukuta mmoja, mfupi, wa matofali ya kuchoma, nyasi zimeota chini yake. Mama yule akaonyesha kwa mkono mzima, kwa heshima, akawaacha. Lucia alipiga magoti, akagusa ukuta, akagusa chini, akavuta nyasi mbili tatu akazishika. Mwalimu alisimama nyuma yake na kofia mkononi. Alitaka kusema nisamehe, akaishia kuigeuzageuza kofia.

"Kabla hujaniambia mimi," Lucia akauliza bila kugeuka, "ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliandika kwenye kompyuta. Kazini. Walitaka sababu ya alama niliyotoa."

"Kwenye kompyuta."

"Herufi mia tatu."

Lucia akageuka, akamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, na mwalimu hakuyakwepa.

"Wakasemaje?"

"Wamesema sababu imekubaliwa."

Lucia akainuka, akakung'uta vumbi magotini, zile nyasi akaziweka ndani ya mkoba wake.

"Mimi bado, baba," akasema, akaanza kutembea kuelekea ilipokuwa pikipiki, polepole kiasi cha mzee kuweza kumfuata.